Mbwa Mgahawani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Migahawa inayokaribisha mbwa si kitu kigeni tena Dar es Salaam na Nairobi, hasa ile yenye bustani au iliyo ufukweni. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na watu wa aina tatu: mwenye mbwa, mwenye mgahawa, na mteja wa meza ya jirani ambaye hakuna aliyemuuliza kama anapenda mbwa au la. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika, kwa hiyo majibu mengi nimeyapima kwa kukaa upande wake.

Sheria inasemaje? Mbwa anaruhusiwa mgahawani au haruhusiwi?

Tofautisha jiko na meza. Jikoni, stoo ya chakula na pale vyombo vinapooshwa, jibu ni hapana, na karibu dunia nzima imekubaliana hivyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 inamtaka mwenye biashara ya chakula awe na utaratibu wa kuwazuia wanyama wa kufugwa wasifike mahali chakula kinapoandaliwa, kinaposhughulikiwa au kinapohifadhiwa. Meza za wateja haikuzitaja. Ndiyo maana ukienda Ujerumani au Ufaransa unakuta mbwa amelala chini ya kiti na hakuna anayegeuza shingo. Uamuzi pale ni wa mwenye mgahawa.

California walikuja kwa njia nyingine. Huko mbwa wa kawaida alizuiwa mpaka sheria iliyoanza kutumika Januari 2015 ilipofungua mlango wa meza za nje, tena kwa masharti ambayo mimi ningeyabandika ukutani popote: mbwa aingie kwa njia ya nje bila kupita ndani ya mgahawa, awe na kamba, asikae kwenye kiti, mhudumu akimgusa aoshe mikono, na maji au chakula chake kiwekwe kwenye chombo cha kutumika mara moja na kutupwa.

Hapa kwetu mtu wa kumuuliza ni bwana afya wa halmashauri, au afisa wa afya ya umma wa kaunti kwa walio Kenya. Yeye ndiye anayekuja kukagua jengo, maji, vyoo na vyeti vya afya vya wahudumu. Kabla hujatangaza kwamba unakaribisha mbwa, mwite, mwonyeshe eneo ulilotenga, na makubaliano yawe kwenye karatasi. Ni nafuu kuliko kumsubiri aje siku ambayo mbwa wa mteja amejilaza kwenye mlango wa jiko.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi huku pwani?

Kwa sababu ya sahani.

Waislamu wengi wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Najisi huhama kwa umajimaji, kwa hiyo mbwa mkavu akipita akagusa kanzu kavu, hakuna kilichoharibika. Akija na pua mbichi, au ametoka kuogelea baharini akajikung'uta karibu na meza, hilo ni jambo jingine kabisa. Imam Malik, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa Moroko, aliona kwamba mbwa ni tohara, kwa hiyo usishangae ukikutana na Mwislamu kutoka Moroko asiyejali kama anavyojali jirani yako wa Tanga. Na hata huku kwetu, kufuga mbwa wa kuwinda au wa kulinda mifugo na shamba kunajulikana na kunaruhusiwa.

Mteja anayevuta kiti chake pembeni huenda hana chuki yoyote na mnyama. Anaiwazia kanzu yake na swala ya magharibi iliyo karibu. Sasa fikiria mtu huyo amemwona mteja mwenzake akimshushia mbwa sahani ya mgahawa amalizie mabaki. Sahani ile itarudi jikoni, itachanganywa na nyingine mia, na yeye hana namna ya kujua kesho atawekewa ipi. Zote zimeingia shaka. Ataondoka bila kugomba, atawaambia ndugu zake, na mwenye mgahawa hatajua kwa nini meza za Ijumaa zimepungua.

Wala usidhani ni Waislamu tu. Wapo Wakristo wengi, na wasio na dini pia, ambao wamelelewa wakijua mbwa mahali pake ni uani. Kwao mbwa mezani ni kinyaa, na kinyaa hakiondolewi kwa kumweleza mtu habari za vijidudu.

Mbwa wangu anaogeshwa kila wiki. Kwa nini asinywe kwenye bakuli la mgahawa?

Kitabibu, bakuli lililooshwa vizuri kwa maji ya moto na sabuni halina tatizo kubwa. Lakini umesoma jibu lililotangulia. Njoo na bakuli lake kutoka nyumbani, yapo ya plastiki yanayokunjwa yakaingia kwenye mkoba, au omba chombo cha karatasi kitakachotupwa. Ukimaliza, bakuli lake usilipeleke kwenye sinki la mgahawa. Mwaga maji kwenye maua, lifute, rudisha mkobani.

Ikitokea bahati mbaya akalamba sahani, mwambie mhudumu ukweli hapohapo. Sahani iwekwe kando, isiingie kwenye beseni pamoja na nyingine, na wewe toa hela ya kuinunua. Ukikaa kimya unamweka mwenye mgahawa kwenye uongo ambao hajui kama anausema.

Ni magonjwa gani hasa ya kuogopa?

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Limepewa swali lake huko chini kwa sababu halina mzaha.

Yanayofuata yanapita kwenye mikono. Mbwa anaweza kuwa na minyoo au tegu bila kuonyesha dalili yoyote. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika manyoya ya mkiani na ya miguuni, wewe ukampapasa, kisha ukamega tonge. Kuna tegu mmoja wa mbwa ambaye kwa binadamu huota kama uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu, na Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizowahi kuwa na wagonjwa wengi sana wa maradhi hayo. Chanzo chake ni mbwa kulishwa ini na mapafu mabichi ya mifugo yenye malengelenge. Kwa hiyo mbwa anayepewa matumbo mabichi ya machinjioni, halafu Jumamosi akaletwa mgahawani kwenye mapaja ya mwenyewe, ana hatari kuliko anavyoonekana.

Dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu ndiyo kawaida ambayo madaktari wengi wa mifugo hushauri kwa mbwa mkubwa anayetoka nje. Viroboto na kupe nao washughulikiwe kabla ya safari, maana kiroboto hana adabu ya kubaki kwa mwenyeji wake.

Ila tuseme kweli: kwenye migahawa yetu, nzi, maji machafu na mhudumu aliyetoka msalani bila kunawa wamewaletea maradhi watu wengi kuliko mbwa wa wateja. Mwenye mgahawa anayekataza mbwa huku bomba la kunawia halitoi maji tangu juzi ameanza na shughuli isiyo ya kwanza.

Nikila kwa mkono, nimshikeje mbwa?

Kamba ishike kwa kushoto. Mkono wa kulia ni wa chakula na unabaki wa chakula mpaka mwisho. Mhudumu akishaleta birika na beseni, ukanawa, basi habari ya kumpapasa mbwa kichwani imekwisha mpaka ugali na samaki viishe. Akikulamba mkono wa kulia katikati ya mlo, nyanyuka ukanawe tena kwa sabuni. Kujifuta kwa karatasi ya mezani hakutoshi.

Na mhudumu vivyo hivyo. Wapo wahudumu wanaopenda mbwa, na ni jambo zuri, lakini mkono ulioshika mbwa hauwezi kushika glasi ya mteja kabla ya kupita kwenye sabuni. Kama mgahawa una watu wa kutosha, ni bora mhudumu mmoja awe wa meza za wenye mbwa siku hiyo.

Mbwa akae wapi, na akaeje?

Chini, kwenye kivuli, upande wa ukuta au bustani, mbali na njia ya wahudumu. Kamba fupi, ya mita moja na nusu hivi, tena isifungwe kwenye mguu wa meza ya plastiki. Mbwa wa kilo 30 akimwona paka, meza hiyo inaondoka naye pamoja na supu. Pitisha kitanzi cha kamba chini ya mguu wa kiti ulichokalia, ukae juu yake kwa uzito wako.

Tandika kitambaa au kipande cha mkeka ulichotoka nacho nyumbani. Kina kazi mbili: manyoya hubaki hapo, na mbwa aliyezoeshwa kulala juu ya mkeka wake nyumbani anaelewa kwamba popote mkeka ulipo ndipo mahali pa kutulia. Hili lifundishwe nyumbani kwanza, wakati mnakula wenyewe. Mbwa ambaye sebuleni kwenu huzunguka meza akiomba nyama hatabadilika kwa sababu amefika Masaki.

Mtembeze kabla ya kuja. Akifika amechoka na ameshajisaidia, nusu ya matatizo ya ukurasa huu hayatakuhusu. Njoo saa ambazo hakuna msongamano, tuseme saa kumi alasiri badala ya Jumapili mchana baada ya ibada, wakati familia nzima na watoto wamejaa.

Kitini hapandi. Mapajani hakai wakati chakula kipo mezani, hata akiwa mdogo kama sungura.

Mbwa gani abaki nyumbani?

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo. Jike aliye kwenye joto, maana atawaita madume wa mtaa mzima. Anayeharisha, anayekohoa, mwenye ukurutu au vidonda. Anayebwekea kila anayepita, au anayelinda chakula chake kwa kuonyesha meno. Na mbwa mwoga pia: aliyejikunyata chini ya meza anatetemeka huku spika inapiga muziki juu yake hafurahii chochote, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata.

Kadi ya chanjo ya nini? Nimekuja kula, sijaja mpakani.

Mwenye mgahawa ana haki ya kuiomba, na mimi namshauri aiombe. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mara ya kwanza mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Aliyechanjwa jana hajawa na kinga leo. Subiri wiki tatu. Piga picha kadi, ikae kwenye simu, usiwe na kisingizio cha kuisahau.

Kwa ambao hawajawahi kumchanja mbwa, kampeni nyingi hupangwa kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Chanjo hizi si sherehe za mabango tu. Kisiwani Pemba, kuchanja mbwa kwa wingi kulifanikiwa kuukata ugonjwa huo. Lengo linalotajwa na wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, na mbwa wako ni mmoja wao.

Mbwa akimng'ata mtu mgahawani, tufanye nini?

Kwanza maji na sabuni. Osha jeraha chini ya bomba linalotiririka kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa, maana dakika 15 ni ndefu na watu huacha baada ya mbili. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani yoyote uliyoambiwa na bibi. Usilifunge kwa nguvu. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo uliotoa damu kidogo.

Daktari ndiye atakayeamua kuhusu chanjo. Wengi wanaogopa kwa sababu ya hadithi za zamani za sindano nyingi za tumboni. Siku hizi huchomwa begani, kwa ratiba ya siku chache zilizopangwa, na ni muhimu kumaliza zote. Jeraha likiwa baya, huongezewa dawa ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Ugonjwa huu dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili unazuilika. Muda wako uko hapo katikati.

Mbwa asiuawe. Afungwe mahali salama na aangaliwe na daktari wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya hapo, ina maana hakuwa akitoa virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na habari hiyo ni ya thamani kwa aliyeumwa. Ukimuua kwa hasira, umeitupa.

Mwenye mbwa anatoa jina, namba ya simu na kadi ya chanjo bila kuombwa mara mbili, na analipia matibabu. Mwenye mgahawa anaandika tukio kwenye daftari na kuliripoti kwa ofisi ya mifugo na ya afya. Watu wakianza kubishana nani alimchokoza nani, wabishane njiani kwenda hospitali.

Naweza kumpa chakula cha mgahawani?

Sikushauri, na si kwa ajili ya usafi tu. Chakula chetu kina kitunguu karibu kila mahali: kwenye mchuzi, kwenye pilau, na kachumbari ndiyo usiseme. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kibichi au kilichopikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Kijiti cha mshikaki chenye harufu ya nyama humezwa kizima. Chokoleti na zabibu ni sumu kwao.

Akiwa lazima apate kitu, agiza kipande cha nyama isiyo na kiungo wala mfupa, uwekewe kwenye karatasi, umpe chini kwenye bakuli lake. Usimlishe kwa uma wako. Na usimruhusu mtu wa meza ya pili amrushie mfupa, hata akiwa mkarimu kiasi gani.

Akijisaidia au akitapika je?

Wewe ndiye unayeokota, kwa mfuko uliokuja nao, halafu unamwita mhudumu akuonyeshe pipa la nje. Usilitupe kwenye pipa la jikoni wala kwenye kapu la chooni. Ukishaokota, mgahawa unaendelea na kazi yao.

Kwa wenye mgahawa, mpangilio wa kusafisha una maana. Futa kwanza umajimaji wote kwa karatasi, osha kwa maji na sabuni, suuza, ndipo umwage jiki iliyochanganywa na maji, uiache dakika kadhaa kabla ya kukausha. Wengi huanza na jiki juu ya mkojo mbichi. Mkojo una amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa hewa inayokereketa macho na kifua, sasa wateja wanakohoa na hawajui kwa nini. Weka dekio na ndoo ya kazi hii peke yake, vyenye alama, vikae nje. Na anayesafisha asiwe mtu yuleyule anayepeleka sahani, labda abadili aproni na anawe vizuri.

Ukimwachia aliyesafisha bahasha kidogo, hutakuwa umekosea.

Mimi ni mteja na sitaki mbwa karibu yangu. Nisemeje bila kuleta ugomvi?

Sema mapema, na umwambie binadamu. Kumpigia mbwa "shii!" au kumtisha kwa mguu humfanya abweke, kisha mwenyewe anakasirika. "Kaka samahani, mimi na mbwa hatuelewani. Unaweza kumsogeza upande ule?" inatosha. Mwenye mbwa mwenye akili atahama. Akikataa, mwite mhudumu, akutafutie meza nyingine.

Huna haja ya kueleza sababu. Inaweza kuwa dini, pumu, mzio wa manyoya, au uling'atwa ukiwa mtoto. Hakuna anayestahili kukuuliza. Ila ukiwa umeingia mahali penye bango kubwa la kukaribisha mbwa, ukakaa bustanini katikati yao, hapo lawama itakurudia.

Watoto wanataka kumshika mbwa wa watu.

Wamwombe ruhusa mwenye mbwa kwanza, na yeye awe mkweli. Mtoto asimame pembeni ya mbwa, asimkumbatie shingoni, asimkazie macho, asimguse akiwa analala au anakula. Kisha akanawe. Mzazi anayeshughulika na simu huku mtoto wa miaka mitatu anamvuta mbwa masikio asije akalaumu meno.

Ninafungua mgahawa. Bango liandikweje?

Liwe mlangoni, lisomeke kabla mtu hajaingia. Mfano:

"Mbwa wanakaribishwa bustanini tu. Wawe na kamba muda wote na kadi ya chanjo. Ndani hawaingii. Vyombo vyao ni vyao peke yao, havichanganywi na vya wateja."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ndiyo inayomtuliza yule mteja aliyekuwa anataka kugeuka arudi. Na ukiiandika, itimize kweli: vyombo vya mbwa viwe vya kutupwa, au viwe vya rangi moja isiyotumika kwa kitu kingine, vyenye sponji na beseni lake nje ya jiko.

Wafundishe wahudumu namna ya kusema. Mteja akiingia na mbwa ndani: "Samahani dada, mbwa tunawakaribisha kule bustanini. Nikuwekee meza ile ya chini ya mwembe?" Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo, ombi lifuate. "Mbwa haruhusiwi, toka" inamdhalilisha mtu mbele za watu, naye atabaki kubishana kwa ajili ya heshima yake.

Kama jengo lako halina njia ya kufika bustanini bila kupita katikati ya meza za ndani, jibu langu ni usiruhusu. Chumba kimoja kidogo chenye feni hakitoshi mbwa na watu.

Mbwa wa ulinzi wa mgahawa wenyewe?

Hawa ndio wanaosahaulika. Mgahawa unaweza kuwa na bango kali la kukataza mbwa, halafu saa sita usiku mlinzi anawafungulia mbwa wawili wanaozunguka mpaka alfajiri. Wanalala kwenye viti vya wateja, wanakojolea nguzo, wanalamba jiko la kuchomea nyama lililobaki na mafuta. Asubuhi wanafungwa, na wateja wanakalia viti hivyohivyo.

Wawekee uzio wanaozunguka nje ya eneo la kulia. Jiko la kuchomea lifunikwe na waya ziingizwe ndani. Viti vipandishwe juu ya meza au vifungiwe. Asubuhi eneo lote lioshwe kabla ya chai ya kwanza, na hawa nao wachanjwe kama wa wateja.

Na mbwa koko wa ufukweni?

Pale Coco Beach, kwenye mihogo na mishikaki, mbwa asiye na mwenyewe anajua saa ya chakula kuliko mhudumu. Anayemvuta ni pipa lisilo na mfuniko na mteja anayemrushia. Funika pipa, zoa mabaki kila baada ya muda, na usimrushie chochote. Kumwagia maji ya moto ni ukatili, na mbwa aliyeumizwa hurudi akiwa na hofu na meno. Wakizidi, waite watu wa mifugo wa halmashauri.

Mbwa anayemwongoza mtu asiyeona naye anazuiwa?

Asizuiwe. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu, mhudumu anaweza kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani. Hawezi kudai karatasi. Mbwa ambaye kazi yake ni kumliwaza mtu kwa kuwapo tu hahesabiki hapo, na hata aliyefundishwa anaweza kutolewa akiwa hatulii na mwenyewe hamdhibiti. Uingereza nako Sheria ya Usawa ya 2010 inawalinda wenye mbwa wa namna hiyo.

Kwetu ni wachache mno, kwa hiyo mhudumu akimwona anaweza kupigwa na butwaa. Mpe meza yenye nafasi, zungumza na mtu na si na mbwa, na usimpapase. Yuko kazini.

Nimekataliwa mlangoni na mbwa wangu. Nifanyeje?

Shukuru, uondoke, au mwombe mwenzako abaki naye nje kwa zamu. Usimfungie kwenye gari. Kwa jua la Dar es Salaam gari lililozimwa hupanda joto kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii. Usimfunge kwenye nguzo ya barabarani ukaenda kula. Njia rahisi ni kupiga simu kabla ya kutoka nyumbani.

Mbona paka wanaachwa? Wanapanda mpaka mezani!

Swali la haki. Lamu na Mji Mkongwe paka ni wenyeji, wateja ndio wageni. Kidini wamepata nafuu: hadithi inayojulikana inasema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani. Kwa hiyo sahani aliyoonja paka haileti mtafaruku kama ya mbwa.

Kiafya hawana msamaha huo. Paka naye hupata kichaa na huambukiza kwa kung'ata, kinyesi chake kinaweza kubeba vimelea vilivyo hatari kwa mama mjamzito, na makucha yaliyotoka kufukua mchanga ndiyo hayohayo yaliyokanyaga kitambaa cha meza. Mgahawa unaoweka masharti kwa mbwa ukamwachia paka apite juu ya buli la chai unafuata mazoea, hayo si masuala ya usafi. Mezani asipande, jikoni asiingie.

Naweza kumfanyia mbwa wangu sherehe ya kuzaliwa mgahawani?

Ukikodi bustani nzima, ukalipa, na keki yake haina chokoleti, hiyo ni biashara yako na mwenye mgahawa. Wageni waambiwe mapema ni sherehe ya nani.